Nuala Abeba Moto wa Sawini

Sogeeni. Sogeeni tena. Mwenye peremende mdomoni aimalize kwanza. Hadithi hii inatisha kidogo, na sitaki mtu apaliwe.

Tayari? Haya, twende.

Kulikuwa na msichana aliyeitwa Nuala. Alikuwa na miaka saba na pengo moja mbele. Aliishi Ayalandi, nchi yenye mvua, na kondoo, na mvua tena.

Kijijini kwao kulikuwa na umeme. Kulikuwa na trekta. Kulikuwa na televisheni, na friji ya Mjomba Fintan iliyonguruma kama simba mwenye mafua.

Lakini jioni moja kila mwaka, kijiji kizima kilizima kila kitu.

Taa, zima! Televisheni, zima! Moto wa mekoni, zima! Hata friji ya Mjomba Fintan, zima! Ikanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe.

Giza likaingia kijijini bila kupiga hodi.

Jioni hiyo inaitwa Sawini. Mavuno yamekwisha. Baridi inaanza. Na watu wa huko husema kwamba jioni hiyo wale waliokufa hurudi nyumbani kwao.

Hawaji kumdhuru mtu. Wanakuja kula tu.

Hata hivyo, wewe ungependa kukutana nao njiani? Mimi? Hapana, asante. Nina shughuli.

Juu ya kilima watu waliwasha moto mmoja mkubwa. Fuuu! Kila nyumba ilikuja kuchukua moto wake hapo. Mtu mmoja, moto mmoja. Ndiyo desturi yao.

Mwaka jana, moto wa nyumba ya Bibi ulibebwa na Babu.

Mwaka huu Babu hayupo. Alifariki kabla ya mavuno.

Na Bibi hawezi kupanda kilima. Mguu wake umefungwa bandeji nene. Alikuwa akimkimbiza jogoo. Jogoo akakata kona. Bibi hakukata.

Kwa hiyo Bibi amekaa peke yake gizani. Mezani ameweka sahani tatu. Moja yake. Moja ya Nuala. Moja ya Babu.

Mchana ule Nuala alikuwa amemuuliza, "Bibi, si uwashe kwa kibiriti tu?"

"Kibiriti ni moto wa dukani, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Babu yako haujui moto wa dukani. Anaujua moto wa kilimani. Akiuona dirishani, anajua hapa ndipo kwake."

"Na asipouona?"

Bibi alitazama meko yake yaliyozimwa. "Atapita tu," alisema. "Atapita, aende zake."

Nuala alisimama wima. "Nitauleta mimi."

"Wewe? Njia ile ina giza, mwanangu."

"Mimi nina taa."

Na kweli alikuwa na taa. Lakini msifikirie tochi! Ilikuwa tanipu.

Tanipu ni kama kiazi kilichojivuna. Huota ardhini, ni duara kama mpira, ni ngumu kama kichwa cha Mjomba Fintan. Nuala na Mjomba waliikwangua ndani kwa kijiko. Kwaru, kwaru, kwaru. Wakaitoboa macho mawili. Wakaitoboa mdomo wenye meno. Wakaichongea kidevu kirefu.

"Sura hii itawatisha wote wanaotangatanga gizani," alisema Mjomba.

Nuala aliitazama taa. Akamtazama Mjomba. Akaitazama taa tena.

"Mjomba, inafanana na wewe."

"Upuuzi!" alisema Mjomba. Lakini watu wote kijijini wakaiita taa ile Mjomba Mdogo.

Sasa tuko kilimani. Ukungu unapanda kutoka bondeni, taratibu, kama maziwa yanayochemka bila mtu kuyaangalia.

Mjomba Fintan aliwasha mshumaa kwa moto mkubwa. Akauweka ndani ya Mjomba Mdogo. Macho mawili yakawaka. Meno yakawaka.

"Sikiliza, binti," alisema Mjomba. "Usikimbie. Ukikimbia, moto utazimika. Na usigeuke nyuma, hata ukisikia nini."

"Kwani nitasikia nini?"

"Na usiulize maswali."

Mama alikuwa amebeba moto wa nyumba yao. Alimfunga Nuala vifungo vyote vya koti, mpaka kile cha shingoni kinachokaba.

"Pita njia ya mkato," alisema Mama. "Barabara inazunguka mbali, mshumaa utakwisha. Mimi nikishawasha kwetu, nakuja moja kwa moja kwa Bibi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mama akaenda kushoto. Nuala akaenda kulia. Hatua kumi baadaye, Mama akawa kivuli. Hatua ishirini, kivuli kikawa ukungu.

Nuala akabaki yeye, na Mjomba Mdogo, na njia.

Akaimba polepole:

*Moto wangu, usilale.*
*Bibi anangoja kule.*

Upepo ukaja. Vuuuu. Ukaingia kwenye macho ya taa, ukatokea kwenye meno. Mwali ukainama. Nuala akaufunika kwa koti. Mwali ukasimama tena.

Akatembea. Mabuti yake yalisema chwapu, chwapu, chwapu.

Na nyuma yake, kitu kikasema kwata. Kwata. Kwata.

Nuala akasimama.

Kimya.

Nuala akatembea. Chwapu, chwapu.

Kwata, kwata.

Nuala akasimama ghafla, kama mtu anayecheza.

Kwa...

Kimya. Kile kitu nacho kilikuwa kinacheza.

"Huo ni mwangwi," Nuala alijiambia. Watoto, mwangwi ni sauti yako inayokurudia. Unasema chwapu, unakujibu chwapu. Umewahi kusikia mwangwi unaojibu kwata?

Mimi pia sijawahi.

Nuala hakugeuka nyuma. Akaimba, safari hii kwa sauti nyembamba kama uzi:

*Moto wangu, usilale.*
*Bibi anangoja kule.*

Kwata, kwata, kwata. Karibu zaidi.

Kisha akasikia pumzi. Hhhhaaa. Pumzi ya moto. Ilimpiga shingoni, juu kidogo ya kile kifungo kinachokaba. Ilinuka majani mabichi.

Hhhhaaa.

Nywele za Nuala zilitaka kukimbia. Miguu nayo ilitaka kukimbia. Lakini ukikimbia, moto unazimika. Na moto ukizimika, Babu atapita tu, aende zake.

Nuala hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Kitu kikamvuta koti. Vutu!

Nuala akalivuta koti lake. Vutu!

Kitu kikalivuta tena. Vutu, vutu!

"Niache!" alisema Nuala, bila kugeuka. "Hili koti ni jipya! Mama atanigombeza mimi, hatakugombeza wewe!"

Kitu kikaachia. Pengine nacho kilikuwa kinamfahamu Mama.

Mbele yake ukatokea ukuta wa mawe. Huko mashamba hutengwa kwa kuta za mawe, na watu huzivuka kwa ngazi. Ngazi fupi, mawe matatu ya kupandia, mawe matatu ya kushukia.

Nuala alihitaji mikono yote miwili. Akaiweka taa juu ya ukuta, pole pole. Akapanda. Moja. Mbili. Tatu. Akavusha mguu. Akaanza kushuka upande wa pili.

Sasa niambieni, ngazi hushukwa vipi? Kinyumenyume. Tumbo kwa ngazi, kisogo kwa safari.

Nuala hakugeuka nyuma. Ngazi ndiyo iliyomgeuza.

Akainua macho.

Juu ya ukuta kulikuwa na taa. Na nyuma ya taa kulikuwa na uso.

Uso mrefu. Uso mweupe. Macho ya njano, na mboni zake zimelala ubavu. Mwanga wa mshumaa uliupiga kutoka chini, ukaufanya ucheke bila sababu.

Mdomo ukafunguka. Kulikuwa na meno ya chini. Ya juu hayakuwepo.

Uso ukasogea. Ukasogea. Ukasogea.

KARU!

Ukamng'ata Mjomba Mdogo kidevu.

Karu, karu, karu. Ukatafuna. Ukameza. Kisha ukasema:

"Meeeee."

"Madamu!" alipiga kelele Nuala.

Alikuwa Madamu, kondoo mzee wa Bibi, mnene kama godoro lililokunjwa.

Mmeshaona kosa la watu hawa? Tanipu hulimwa kule ili kulisha kondoo wakati wa baridi. Wao wakachukua chakula cha kondoo, wakakichonga sura ya kutisha, wakakiwashia taa ili kionekane vizuri, wakakipitisha gizani mbele ya kondoo. Halafu wanashangaa wakifuatwa!

Nuala alicheka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha akaacha kucheka.

Mjomba Mdogo hakuwa na kidevu tena. Mahali pa kidevu palikuwa na tundu kubwa. Na upepo ulikuwa umeshaliona.

Vuuuu!

Mwali ukalala. Ukawa mdogo kama punje ya mahindi. Ukawa mdogo kama punje ya mchele.

"Usilale!" Nuala alinong'ona. "Tafadhali. Usilale."

Akaziba tundu kwa mkono. Moto ukamuunguza. Ai! Akaziba kwa koti. Koti likaanza kunuka moshi, na yule Mama tunamjua. Akaliondoa koti haraka.

Mwali ukawa mdogo kama punje ya mtama.

Upepo ulitoka kushoto. Kushoto hapakuwa na mti. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na kitu cha kuuzuia.

Nuala akamtazama Madamu. Akatazama tumbo lake. Akatazama sufu yake nene, iliyojaa kila upande.

"Madamu," alisema, "leo wewe ni ukuta."

Akakitoa kifuniko cha taa, kile kipande cha juu cha tanipu. Akakivunja vipande vidogo. Akaishusha taa ukutani, akamnyooshea Madamu kipande kimoja.

Madamu akaruka ukuta kama msichana wa miaka kumi na sita. Puu!

Kipande kimoja. Karu, karu. Hatua tano, Madamu upande wa kushoto. Upepo ukagonga sufu, ukarudi ulikotoka.

Kipande kingine. Karu, karu. Hatua tano tena. Mwali ukanyanyua kichwa.

*Moto wangu, usilale.*
*Bibi anangoja kule.*

Nuala hakuogopa tena. Kile kitu cha kutisha kilikuwa hapa ubavuni mwake, kinakula, kinapiga mbweu. Nyuma hapakuwa na kitu.

Topo.

Nuala akasikiliza.

Topo. Topo.

Madamu alikuwa kushoto. Nuala alimgusa ili kuhakikisha. Madamu mzima, miguu yote minne, karu karu karu.

Topo. Topo. Topo.

Nyuma. Hatua za taratibu. Hatua nzito, kama mabuti makubwa kwenye matope. Na zilikuwa mbili tu. Mguu mmoja, na mguu mwingine.

Madamu akaacha kutafuna. Akageuza masikio yake nyuma.

Hakukimbia. Akatikisa mkia wake mfupi, kama anayemwona mtu anayemjua.

Ukungu ulikuwa kila mahali. Kilima hakikuonekana. Moto mkubwa haukuonekana. Kulikuwa na mwali mdogo, na kondoo, na zile hatua.

Topo. Topo.

Nuala hakugeuka nyuma. Moyo wake ulikuwa ukipiga ngoma ya harusi. Lakini akafungua mdomo wake, akasema kwa adabu, akitazama mbele:

"Kama unaenda kwa Bibi, nifuate. Ninao moto."

Hatua zikasimama.

Upepo nao ukasimama.

Kisha, taratibu kabisa: topo. Topo. Topo.

Nuala akatoa kipande cha mwisho cha kifuniko. Madamu akala. Wakaendelea, watatu au wawili, sijui mnahesabuje ninyi.

Nyumba ya Bibi ikatokea kwenye ukungu. Mlango mweusi. Dirisha jeusi. Bomba la moshi lisilo na moshi.

"Hodi!" aliita Nuala.

"Nani huyo?" Sauti ya Bibi ilitoka gizani.

"Ni mimi, Bibi! Na moto! Na Madamu!"

"Moto uingie. Madamu abaki nje."

"Ameshaingia, Bibi."

Bibi alichechemea mpaka mekoni. Alikuwa amepanga kuni. Alikuwa ameweka nyasi kavu. Nuala akapiga magoti na kuinamisha taa.

Mwali ulikuwa mdogo sana. Mdogo kuliko punje yoyote ninayoijua. Ulikuwa wa buluu, na ulikuwa unatetemeka.

Unyasi mmoja ukagusa mwali. Tsss. Moshi. Hakuna kitu.

Unyasi wa pili. Tsss. Moshi. Hakuna kitu.

Bibi akamshika Nuala mkono. Mkono wa Bibi ulikuwa baridi. Wakaimba wote wawili, kwa sauti ya chini:

*Moto wangu, usilale.*
*Bibi anangoja kule.*

"Bibi yuko hapa sasa," alisema Bibi. "Hebu amka wewe moto, acha maringo."

Unyasi wa tatu. Tsss... tsss...

FUUU!

Meko yakawaka! Ukuta ukawa wa dhahabu. Sahani tatu zikang'aa. Na dirisha lile jeusi likamwaga mwanga nje, mpaka kwenye ukungu.

 Bibi alimkumbatia Nuala, kwa muda mrefu, mpaka kifungo cha shingoni kikafunguka chenyewe.

Punde wakasikia trekta barabarani. Dududududu! Wakaingia Mama na Mjomba Fintan.

"Mama," alisema Nuala, "ni wewe uliyekuwa nyuma yangu kwenye njia ya mkato?"

"Nyuma yako? Mimi nimekuja na trekta. Na hili koti limefanywa nini?"

"Mjomba, ni wewe?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha hiyo trekta," alisema Mjomba. Kisha akaiona taa. "Ah! Kidevu kimekwenda wapi?"

"Kimeliwa," alisema Nuala.

Mjomba akajishika kidevu chake mwenyewe, kuhakikisha.

Wakala viazi vya kuponda, vyenye kabichi na siagi. Bibi na Nuala walikula kwenye sahani zao. Mama na Mjomba walikula sufuriani, na kijiko kimoja, na ugomvi mwingi. Madamu alikula kilichobaki cha Mjomba Mdogo, kuanzia macho.

Ile sahani ya tatu ilijazwa mpaka juu, ikawekewa kijiko, na hakuna aliyeigusa.

Mama na Mjomba wakatoka kumpeleka Madamu zizini. Madamu hakutaka. Mmoja alimsukuma kwa nyuma, mmoja akamvuta kwa mbele. Kelele zao zikaenda zikipungua, zikaisha.

Nuala akajilaza kwenye benchi karibu na moto. Bibi akamfunika blanketi. Macho ya Nuala yalikuwa mazito kama mlango wa kanisa.

Mara, komeo la mlango likanyanyuka. Ta!

Lenyewe.

Mlango ukafunguka kidogo. Nyiiii. Ubaridi kidogo ukaingia. Ukungu kidogo ukaingia. Na moto wote mekoni ukainama kuelekea mlangoni, kama watoto darasani wanapomwamkia mgeni.

Nuala alimtazama Bibi. Bibi hakushtuka. Aliweka sawa kilemba chake. Akalainisha sketi yake. Akatazama mlangoni, akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Pangusa mabuti, mzee," alisema. "Nimepiga deki."

Kimya.

Kisha, kwenye zulia dogo la mlangoni, Nuala akasikia: kwaru, kwaru. Mguu mmoja. Kwaru, kwaru. Mguu mwingine.

Nuala akatabasamu. Akafumba macho, akalala fofofo.

Na sisi tuufunge mlango taratibu, tuwaache wale chakula chao. Hatukualikwa.

Lala salama.